Bure ya kuonja na bure ya mbegu

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha sekondari hapa Mtwara mjini na ninaishi Shangani. Tuko sita, walimu wawili na vijana wa mtaani, tumenogewa na ile michezo ya mezani ya kuigiza wahusika tunayoiona kwenye video, hasa Dungeons & Dragons. Mmoja wetu yeye anataka vita vya visanamu. Kitabu kimoja kukiagiza kutoka nje kinatushinda, na visanamu ndiyo kabisa. Kijana mmoja ametuletea vitabu vyote kwa Telegram. Je, kuna kanuni za bure zilizo halali? Naweza kuzitafsiri kwa Kiswahili nikawagawia wanafunzi wa klabu yangu? Na zile dadu za pande nyingi tutazipata wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na Telegram kwa sababu jibu lake ni fupi: futa. Sisemi hivyo kwa kukutisha na mahakama. Nasema kwa sababu hamna haja nayo. Mngeniuliza miaka ya tisini ningewahurumia. Leo kanuni zilizotolewa bure na wenyewe, kwa hiari yao, ni nyingi hadi zimekuwa maradhi. Namfahamu kijana hapa Lindi mwenye vitabu vya michezo arobaini na kitu kwenye simu, na hajawahi hata usiku mmoja kukaa mezani akacheza. Kila wiki anapakua kingine kizuri zaidi ya cha juzi.

Kilichonifanya nikae nikuandikie kirefu ni swali lako la katikati, la kutafsiri. Watu huuliza "ni bure?", wakijibiwa ndiyo wanaridhika. Lakini bure ziko mbili. Iko bure ya karanga za kuonja: muuzaji anakutilia kiganjani, unatafuna, unashukuru, sinia linabaki lake. Na iko bure ya mbegu: unapewa korosho ya kupanda, ukishaipanda mkorosho ni wako, na mavuno yake utauza au utagawa mwenyewe. Mwalimu anayetaka kugawa darasani, tena kwa Kiswahili, hashibi kwa karanga za kuonja.

Hizo za kuonja nizipitie haraka. Games Workshop ya Uingereza, wenye Warhammer 40,000, walipotoa toleo la kumi mwaka 2023 waliweka kanuni za msingi bure mtandaoni. Corvus Belli ya Hispania nao hutoa bure kanuni za Infinity. One Page Rules wana Grimdark Future na Age of Fantasy, ambazo kwangu ndizo bora za fungu hili kwa anayeanza, kwa kuwa kiini chake kinaenea kwenye kurasa chache na hawakulazimishi kununua visanamu vya kampuni yoyote. Huyo mwenzenu wa vita aanzie hapo. Mpakue, mcheze, mfurahi. Ila msizitafsiri mkazigawa bila kuwaandikia wenyewe na kujibiwa. Ruhusa ya kupakua haikupi ruhusa ya kunakili.

Mbegu utaitambua kwa herufi mbili: CC, yaani Creative Commons. Ni leseni ambayo mwandishi anaibandika kwenye kazi yake kutangaza mapema alichoruhusu, ili usimwandikie barua ya kuomba. Baada ya CC hufuata herufi nyingine, na hizo ndizo za kukodolea macho. BY maana yake umtaje aliyeandika. SA maana yake ukibadilisha na kutoa, nawe utoe kwa leseni ileile. NC ni usifanyie biashara. ND ni usigawe kilichobadilishwa; na tafsiri ni badiliko, kwa hiyo kanuni zenye ND, hata ziwe tamu namna gani, tafsiri yake itaishia kwenye daftari lako. CC BY ikiwa peke yake ndiyo pana: tafsiri, punguza, ongeza, chapa, hata uza, mradi umemtaja mwenyewe na kueleza kwamba umebadilisha.

Dungeons & Dragons yenyewe, iliyotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, imo kwenye fungu hili la mbegu, na iliingia kwa ugomvi. Tangu mwaka 2000 Wizards of the Coast, wenye mchezo, walikuwa na leseni iliyowaruhusu watu wengine kujenga juu ya kiini cha kanuni zao. Mwanzoni mwa 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyokusudia kuizika ile ya zamani na kuwabana watu waliokuwa wameshaifanya riziki. Wachezaji wakachachamaa, wengi wakasitisha malipo yao ya kila mwezi, na tarehe 27 Januari 2023 kampuni ikarudi nyuma kuliko ilivyotarajiwa: kurasa 403 za kiini hicho, kinachoitwa SRD 5.1, zikawekwa chini ya CC BY 4.0. Na leseni za Creative Commons haziondolewi. Mwenye mali akibadili mawazo kesho, ruhusa uliyokwisha kupata kwa nakala ile inabaki palepale. Mwaka 2025 wakaongeza SRD 5.2 kwa leseni hiyohiyo. Wenyewe wameshatoa SRD 5.1 kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kihispania. Ukitaka kuitia Kiswahili, hakuna wa kumpigia magoti.

Pamoja na hayo, usianze nayo.

SRD haikuandikwa kumfundisha mgeni. Ni ghala: kila kitu kimo, hakuna anayekuonyesha mlango. Mimi niliingia humo kichwakichwa nikaanza na sura ya mapigano. Ile hesabu ya uzima wa mhusika, kwa Kiingereza hit points, nikaitafsiri "pointi za kupigwa", nikajiona fundi. Jumamosi yake mchezaji wangu mmoja mwenye pointi 12 za kupigwa akawa anajipeleka mbele ya kila panga huku anacheka. Alidhani ndiyo namna ya kuzikusanya.

Anza na Cairn ya Yochai Gal. Ilitoka mwaka 2020, maandishi yake ni CC BY-SA 4.0, na wachezaji wa nchi nyingi wameshaitia kwenye lugha zao. Ni kijitabu tu. Tena maandishi yote yako pia kama kurasa za kawaida za tovuti, kwa hiyo bando dogo linatosha: fungua, hifadhi kwenye simu, zima data.

Mhusika wa Cairn ana mambo matatu, nami nimeyaita nguvu, wepesi na moyo. Kwa kila moja unatupa dadu tatu za kawaida na kujumlisha. Likija jambo la hatari unatupa dadu ya pande 20. Ukipata namba sawa na uwezo wako au chini yake, umejinusuru. Kwenye mapigano hakuna kumkosa mtu. Anayepiga anatupa dadu ya silaha yake, vazi la vita la aliyepigwa linapunguza, kinachosalia kinakula kinga. Gal kwa makusudi hakuifanya kinga kuwa uhai. Ni ule ustadi wa kujitoa pigo lisikukae sawasawa, ndiyo maana inarudi ukipumzika kidogo na kunywa maji. Kinga ikiisha, pigo linaingia kwenye nguvu, na hapo ndipo jasho linapotoka, kwa sababu lazima ujinusuru papo hapo kwa nguvu iliyokwisha pungua. Ukishindwa uko chini, huwezi zaidi ya kutambaa, na wenzako wasipokuwahi ndani ya saa moja umekwenda. Nguvu iliyopotea hairudi kwa maji ya kunywa. Inataka wiki nzima na mtu anayejua kutibu.

Mizigo ina nafasi kumi. Ukizijaza zote, kinga yako inashuka hadi sifuri. Kanuni hii moja imewafunza wachezaji wangu kuliko maneno yangu yote: kila mtu anaitaka dhahabu, hakuna anayetaka kuibeba.

Kuhusu yule anayeongoza mchezo, nilimwita "msimulizi" kwa muda mrefu na neno halikunikaa. Msimulizi anasema, wengine wanasikiliza. Huku mezani wanakudakia, wanapinda habari, wanakuharibia hadithi uliyoiandaa wiki nzima. Mama mmoja mchezaji wetu, ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye ngoma, akaniambia: "Wewe si msimulizi, wewe ni manju." Ikawa imekwisha. Manju anatoa wimbo, wapokezi wanaupokea, na wakiupokea vingine unageuka. Kwenye tafsiri yako weka neno lolote, lakini lijaribu mezani kabla hujaliandika. Neno zuri kwenye kamusi linaweza kufa mdomoni mwa mchezaji.

Dadu. Zile za pande 4, 8, 10, 12 na 20 usizitafute kwanza. Zitakuja zenyewe mtu akisafiri. Dadu ya pande sita ipo kwenye kila boksi la ludo. Kwa nyingine chukua karata. Ree hadi kumi ya kopa ni 1 hadi 10. Ree hadi kumi ya shupaza ni 11 hadi 20. Changanya hizo ishirini, vuta moja, hiyo ni dadu ya pande 20. Ukitaka pande nane, tumia ree hadi nane ya uru. Pande kumi na mbili, ree hadi Q. Karata uliyovuta irudishe na uchanganye tena, la sivyo bahati inabadilika kila mkono. (Kundi langu lina mchezaji anayesisitiza tusizirudishe mpaka zote ishirini ziishe, ili mwenye mkosi ajue mkosi wake una kikomo. Nimemkubalia mara mbili. Ni utamu wa aina nyingine.) Ila wewe uko shuleni, na mzazi akipita dirishani akaona karata atawaza kamari kabla hajawaza elimu. Shuleni andika namba 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito ndani ya vizibo vya soda, tia kwenye kofia, wanafunzi wavute. Simu nayo hutupa dadu, lakini ukimruhusu mwanafunzi kushika simu ya dadu umeruhusu na mengine.

Mahali pa kuchezea sasa. Hadithi za michezo hii hupenda magofu na mapango, na kwa hilo wako watu wanaotoa ramani bure. Dyson Logos amechora kwa mkono mamia ya ramani, na nyingi ameziachia hata kwa anayetaka kuzitia kwenye kitabu cha kuuza. Soma maelezo chini ya kila moja. Watabou ana programu za kwenye tovuti zinazochora mji au pango kwa kubofya tu. Tovuti ya donjon inakuzalia vyumba, majina na hazina kwa sekunde. Mimi nazitumia nikiwa nimechoka. Nisipokuwa nimechoka naichora Kilwa.

Husuni Kubwa iko juu ya jabali, kando ya bahari, mwendo kidogo kutoka Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ni jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, wa zama zilezile msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya mia moja, nyua, ngazi za kushukia pwani na birika la pembe nane. Jumba halikukaliwa siku nyingi. Kwa hiyo Wareno walipoivamia Kilwa Julai 1505, hilo lilikuwa gofu tayari. Mchezo wangu wa kwanza kwa wageni ni huohuo: usiku mmoja kabla ya merikebu kushusha watu, mfanyabiashara wa mjini anawatuma wahusika wakafiche sanduku ndani ya gofu ambalo wazee wamewakataza watoto wao kuingia. Mmoja anajua njia. Mwingine ameahidiwa fedha na mtu asiyemtaja. Chora vyumba kumi na viwili kati ya hivyo mia, usichore vyote. Na uwaambie wanafunzi kwamba Kilwa Kisiwani ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Kuchimba hazina ni kwa penseli tu.

Dude la kutisha pia hatuazimi. SRD 5.1 ina dinosaria, wakiwamo Tyrannosaurus na Triceratops, lakini hao ni wa Amerika Kaskazini. Wa kwetu walifukuliwa Tendaguru, nyuma ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, wakapakiwa masanduku kwa masanduku hadi Berlin. Yule mkubwa, Giraffatitan, amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho huko, urefu wa kwenda juu unapita mita 13. Alikula majani. Tatizo lake kwenye mchezo halikuwa kukutafuna. Ni kwamba hakuoni. Kentrosaurus mwenye miiba mkiani ndiye wa kuogopwa. Chukua takwimu za Triceratops kwenye SRD, hamisha pigo kutoka pembe kwenda mkia, umemaliza, na leseni inakuruhusu kufanya hivyohivyo kwa maandishi.

Kabla sijahamia kwenye visanamu: ikitokea siku wenzako hawafiki, mvua imenyesha na pikipiki hakuna, iko Ironsworn ya Shawn Tomkin, ya mwaka 2018. Kitabu chake ni bure, na kimetengenezwa mtu aweze kucheza peke yake bila manju. Unatupa dadu moja ya pande sita, unaongeza uwezo wako, unalinganisha na dadu mbili za pande kumi: ukizishinda zote umefaulu, moja umefaulu kwa gharama, hakuna hata moja mambo yameharibika. Kitabu kina NC, kwa hiyo tafsiri yake usiuze. Na vijana wako wakishazoea Cairn wakataka kupanda madaraja na kujifunza uchawi kwa mtindo wa zamani, wapeleke kwenye Basic Fantasy ya Chris Gonnerman. Toleo la nne, la 2023, ni CC BY-SA. SRD ije baada ya hapo, kama bado mna hamu.

Visanamu. Kwetu ukisema kinyago mtu anauona mpingo mkononi mwa Mmakonde, na kweli nimemwona mchongaji mmoja akitoa askari wa urefu wa kidole kutoka kwenye vipande alivyokuwa anavitupa. Wazuri mno. Lakini mtu huyo anahesabu siku zake za kazi, na jeshi linataka watu arobaini. Jeshi la kuanzia ni la karatasi.

Nenda kwenye tovuti ya Junior General. Ilianzishwa kwa ajili ya kufundishia historia darasani, ndiyo maana nakuelekeza huko kabla ya kwingine. Ina askari wa karatasi wa zama nyingi, bure, mbele na nyuma, pamoja na vita vilivyokwisha kuandaliwa. Peleka steshenari kwenye flashi, chapa kwa rangi ukurasa mmoja tu wa kila jeshi, gundisha kwenye manila, kata, kunja, simamisha juu ya kizibo kwa gundi. Kurasa mbili, jioni moja, wanafunzi wanne wenye mikasi, una majeshi mawili. Milima ni vitabu chini ya kitambaa cha kijani. Mto ni utepe wa mfuko wa buluu. Miti ni sponji ya godoro kuukuu iliyochanwa kwa mkono na kuchovywa kwenye rangi. Nyumba hukatwa kwenye kandambili zilizokufa. Zinakatika vizuri kwa wembe na haziangushwi na upepo wa dirishani.

Maganda ya korosho usiguse. Yanafanana na miamba kabisa, najua, nami niliyaona hivyohivyo: nikakusanya kilo nzima mabichi, nikayakata kwa kisu mikono mitupu nikijitengenezea majabali ya bure. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda yanachoma ngozi. Wiki mbili vidole vilikuwa vinabanduka kama vitunguu, na mke wangu, aliyekulia kwenye mikorosho, hakunionea huruma hata siku moja.

Kanuni za vita hivyo? Ya kwanza ya kusoma ni ya mwaka 1913, Little Wars ya H. G. Wells, iliyopo bure kwenye Project Gutenberg. Wells alifariki 1946, hakimiliki yake imekwisha muda, kwa hiyo hiyo hata leseni haina. Ni mali ya watu wote na tafsiri yake haina sharti. Inachezwa sakafuni. Askari wa miguu anakwenda futi moja, wa farasi futi mbili, kila upande una dakika zake za kuhesabiwa, na mizinga ni midoli ya springi inayorusha kipande cha mti kikaangusha askari kwelikweli. Mizinga hiyo hamna, lakini manati mnayo, na raba ya kufungia noti inarushwa vizuri kwa vidole viwili. Darasa la kidato cha pili litakupenda. Mwalimu wa zamu, sijui.

Hatua ya pili ni kuandika zenu, na hapa kuna habari ambayo wengi hawaijui: hakimiliki inalinda maneno, michoro na namna jambo lilivyoelezwa. Wazo lenyewe la mchezo, kwamba utupe dadu na 5 au 6 ni pigo, halimilikiwi na mtu. Unaweza kujifunza kutoka kwenye kanuni kumi za kuonja, ukafunga zote, ukaandika za kwako kwa maneno yako. Hiyo ni halali, na kwa mwalimu wa historia wa Mtwara naona ni wajibu kidogo, kwa sababu vita vyenu viko hapo barabarani.

Mahiwa, karibu na Nyangao, mnaipita mkienda Masasi. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, watu kama 1,500 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walipigana na jeshi la Waingereza la karibu 5,000. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu, waliouawa na waliojeruhiwa. Wengi wa waliopigana pande zote walikuwa Waafrika: maaskari wa Kijerumani, King's African Rifles wa upande wa Waingereza, na kikosi kizima cha Wanigeria kilichozingirwa humo. Lettow-Vorbeck alibaki na uwanja, lakini risasi zake zisizotoa moshi zilikuwa zimekaribia kwisha na watu aliopoteza hakuwa na wa kuwaziba. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma.

Kanuni zangu za Mahiwa zinaenea upande mmoja wa karatasi. Askari anakwenda sentimita 15, mwenye bombomu, yaani bunduki ya rashasha, sentimita 10. Kila kisanamu dadu moja, 5 na 6 ni pigo. Aliye kichakani anapigwa kwa 6 tu. Upande wa Wajerumani unapewa komwe 20 kutoka kwenye bao la jirani. Kila kikosi kikifyatua, komwe moja inarudi kwenye bao. Zikiisha wanaendelea kupiga kwa bunduki za zamani za moshi, na anayepiga kwa moshi kichaka hakimfichi tena. Upande wa Waingereza kila kikosi lazima kiwe na kisanamu cha mpagazi ndani ya sentimita 20, la sivyo hakifyatui. Mara ya kwanza wachezaji waliwaacha wapagazi nyuma wakaona kama takataka. Kufikia mzunguko wa nne walikuwa wanawalinda kuliko maafisa. Hapo ndipo nilipowaeleza kwamba jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha vita hivyohivyo. Wanafunzi wako baadhi yao ni vitukuu vya watu waliobeba mizigo ile. Mpagazi msimweke bila jina. Kila mwanafunzi ampe lake kabla ya kuanza.

Maji Maji nilijaribu nikaacha. Ukiiweka mezani kwa visanamu, upande mmoja una bombomu na dadu zinaishia kuhesabu maiti. Ilikaa vizuri nilipoihamishia Cairn: Nandete, milima ya Matumbi, Julai 1905, usiku, wahusika wamezunguka shamba la pamba ya serikali, na swali ni nani atang'oa mche wa kwanza. Hatukutupa dadu hata moja saa nzima.

Kijitabu chako kikiwa tayari, ukurasa wa kwanza uandike hivi, kwa herufi zinazosomeka: "Kimetafsiriwa na kubadilishwa kutoka Cairn ya Yochai Gal. Kinatolewa kwa leseni ya CC BY-SA 4.0." Chini yake weka anwani ya leseni na jina la mfasiri. Ukitumia kipande cha SRD, ndani yake mna sentensi maalumu ya kuwataja wenyewe. Inakili kama ilivyo. Kiasi cha kutosha kwa klabu ni karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, kurasa kumi na sita, fotokopi nyeusi na nyeupe, stepla mbili mgongoni.

Ukimaliza nitumie maandishi matupu kwa barua pepe, usinitumie PDF yenye picha, bando langu si la mshahara wa serikali. Na ukumbuke ile SA. Tafsiri yako nayo ni mbegu, kwa hiyo nitaichapa hapa Lindi, nibadilishe maneno yako mawili matatu ya Kimtwara, nikutaje jina, wala sitakuomba ruhusa.